Msamaha, Uwezo na Kaya: Maneno ya Usimamizi wa Tiba ya Wasio na Uwezo, kwa Mfano wa Rungwe

Tangu miaka ya 1990 neno msamaha limepata kazi mpya katika ofisi za afya za Tanzania Bara. Nyumbani, msamaha hutolewa na aliyekosewa kwa aliyekosa. Dirishani pa hospitali, hupewa mgonjwa ambaye hakumkosea mtu yeyote, ila hana fedha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ukarimu, kuridhia na kuachilia; nalo tangu zamani limetumika kwa Kiswahili katika mambo ya dini, ugomvi na deni. Yamkini ni maana ya deni iliyolipeleka hospitali, kwa kuwa mwenye kudai aweza kumsamehe mdaiwa wake. Lakini mwenye kudai katika habari hii ni nani? Ni Serikali Kuu, ni halmashauri ya wilaya, au ni mganga wa zahanati ambaye sanduku lake la dawa litapungua? Swali hili laonekana kuwa la maneno tu. Kwa kweli ndilo shina la usimamizi wote wa tiba ya watu wenye kipato kidogo.

Makala haya yaeleza jinsi usimamizi huo ulivyopangwa Tanzania Bara, na jinsi maneno machache ya Kiswahili yalivyoubeba. Mfano umechukuliwa Wilaya ya Rungwe, hasa Kata ya Mpuguso, kwa sababu mahali hapo watu wa namna mbili, mwenye mshahara na asiye nao, huishi jirani kwa jirani na kuugua maradhi yale yale.

I. Mpuguso na ngazi za tiba

Mpuguso imo katika Mkoa wa Mbeya, karibu na mji wa Tukuyu. Ni nchi ya mvua nyingi, yenye migomba, chai, kahawa, viazi, maharage na ng'ombe wa maziwa. Lugha ya nyumbani aghalabu ni Kinyakyusa. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Kwa hiyo maneno ya Serikali kuhusu tiba humfikia mtu wa huko kama maneno ya ofisi kwanza, wala si kama maneno aliyoyanyonya kwa mama. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika yote yatakayofuata.

Katika kata hiyo kipo Chuo cha Ualimu. Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali ana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Utaratibu wa awali wa mfuko huo ulikuwa kukata asilimia 3 ya mshahara wa mtumishi, na mwajiri kuongeza asilimia 3 nyingine. Nayo kadi ikawafaa mchangiaji, mwenzake wa ndoa, na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu hakuombwa apime uwezo wake. Mshahara ulikuwa umekwisha kupimwa.

Jirani yake mkulima hana mshahara wa kukatwa. Chai ya Rungwe huchumwa karibu mwaka mzima na kahawa huvunwa kwa msimu. Maziwa huuzwa kila siku na ndizi huuzwa siku ya soko. Fedha humjia kidogo kidogo, huondoka kwa ada za shule, mbolea na misiba, na ugonjwa haungoji msimu. Tena ngazi za tiba zaenda juu kwa umbali na kwa gharama pamoja: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya iliyoko Makandana mjini Tukuyu, kisha hospitali za rufaa mjini Mbeya. Kando yake zipo hospitali za misheni, kama ile ya Wakatoliki ya Igogwe. Kila ngazi yahitaji nauli hata kabla dawa haijatajwa.

II. Kutoka tiba ya bure hadi uchangiaji

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijitwika jukumu la kutoa tiba bila malipo, na zahanati zikaenezwa vijijini. Mwaka 1977 biashara ya tiba kwa faida ya mtu binafsi ilipigwa marufuku. Katika miaka ya 1980 uchumi ulidhoofika, dawa zikawa haba, na utaratibu wa bure ukabaki kwa jina zaidi kuliko kwa vitu. Mwaka 1991 hospitali za binafsi ziliruhusiwa tena. Na tangu mwaka 1993 malipo yakaanza kutozwa katika hospitali za umma, kwanza zile kubwa, kisha yakashuka ngazi kwa ngazi.

Malipo hayo hayakuitwa malipo. Yaliitwa uchangiaji wa gharama. Mchango kwa Mswahili, na kwa Mnyakyusa aliyejifunza Kiswahili, ni kitu kitolewacho na wengi kwa ajili ya mmoja, kama harusini au matangani, kila mtu kwa kadiri ya mkono wake. Uchangiaji wa hospitali ulikuwa kinyume chake, yaani mgonjwa mmoja kutoa kiwango kilichowekwa, siku ile ile aliyougua. Ndipo likazuka jina la pili lililokuwa na ukweli zaidi, malipo ya papo kwa papo.

Ili kumwepusha mkulima na papo kwa papo, Serikali ilijaribu njia nyingine katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, mwaka 1996. Kila kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, kisha ikatibiwa bila kulipa tena katika kituo chake. Jaribio hilo lilienezwa katika wilaya nyingine, na mwaka 2001 Bunge likapitisha Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, Na. 1 ya mwaka huo. Neno mfuko, la Kibantu, lilipendeza kuliko bima, ambalo limetoka Bara Hindi na Uajemi pamoja na biashara. Bima ilidhaniwa kuwa ya meli, magari na matajiri. Mfuko kila mtu anao.

III. Nani alimsimamia nani

Usimamizi wa Mfuko wa Afya ya Jamii uligawanywa kwa madaraja. Wizara ya Afya iliweka sera na viwango vya tiba. Ofisi yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ijulikanayo kwa jina fupi la TAMISEMI, ilisimamia halmashauri na watumishi wake. Halmashauri ya wilaya ilitunga sheria ndogo ya kuweka kiwango cha mchango, kwa hiyo kaya za wilaya mbili zilizopakana ziliweza kulipa viwango tofauti. Chini ya halmashauri ilikuwapo bodi ya afya, iliyokuwa na wajumbe wa wananchi. Na chini yake kamati za afya za kata na za vituo. Kuanzia mwaka 2009 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukapewa jukumu la kuusimamia Mfuko wa Jamii. Hesabu zote za umma, kama kawaida, zilikuwa chini ya jicho la Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Mpango huu kwenye karatasi ulikuwa mzuri, kwa kuwa ulimpa mtu wa Mpuguso nafasi ya kusema katika kamati ya kituo chake mwenyewe. Lakini yafaa kuangaliwa ni kitu gani kilichopandishwa kutoka daraja hadi daraja. Kilichopandishwa kilikuwa hesabu ya michango, yaani kaya ngapi zimejiunga na shilingi ngapi zimekusanywa. Hesabu hiyo yajibu swali la mlipaji. Haijibu swali la asiyelipa. Mtu aliyefika dirishani, akashindwa, akarudi nyumbani, hakuandikwa katika daftari lolote. Na msimamizi aliye mbali husimamia kile tu kilichoandikwa. Hapo ndipo neno msamaha lilipokuwa na kazi kubwa, kwa maana ndilo pekee lililomtaja mtu huyo.

IV. Misamaha miwili katika neno moja

Kiingereza cha sera za afya kina maneno mawili mahali Kiswahili kilipotumia moja. Neno la kwanza lahusu kundi: wanawake wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, maradhi ya akili na mengine ya kudumu. Mtu huingia katika kundi kwa hali yake, iwe umri, mimba au maradhi. Hapana anayemchagua, wala utajiri wake hauulizwi. Mke wa mwenye duka na mke wa kibarua huhesabiwa sawa. Neno la pili lahusu mtu mmoja mmoja. Huyu hayumo katika kundi lolote, lakini hana fedha, na sharti mtu mwenye mamlaka amwangalie, ampime na kuamua.

Tofauti ya mambo haya mawili kwa msimamizi ni kubwa sana. Katika lile la kwanza, kazi ni kuhakikisha kuwa haki ya kundi haikunyimwa, na ushahidi wake ni kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Katika lile la pili, kazi ni kuhakikisha kuwa uamuzi ulitolewa kwa haki, ushahidi wake ukiwa ni barua ya kijiji, maoni ya ofisa ustawi wa jamii na kumbukumbu ya kikao. La kwanza ni stahili, na la pili ni hukumu. Kiswahili cha ofisi kiliyaita yote mawili msamaha, na yalipoandikwa katika safu moja ya ripoti yakawa hesabu moja. Wilaya iliweza kutoa taarifa ya misamaha mingi, yote ikiwa ya watoto na wajawazito, pasipo hata fukara mmoja kusaidiwa kwa ufukara wake. Na msomaji wa taarifa aliyekuwa Dodoma au Dar es Salaam asingeweza kulijua hilo kwa neno alilolisoma.

Yako madhara ya pili. Stahili huombwa kwa kichwa kilichoinuliwa. Msamaha huombwa kwa kichwa kilichoinama. Mzee wa Kinyakyusa, aliyelelewa katika adabu ya kutojidhalilisha mbele ya wadogo zake, akiambiwa aombe msamaha kwa kijana wa dirishani, huelewa kwamba anatakiwa kukiri kosa. Haya huwazuia watu kuomba kilicho chao. Hivyo hesabu ya waombaji huwa ndogo, na udogo wake huonekana kuwa dalili kwamba hali za watu ni njema.

Tena liko jambo la fidia. Sheria ya mwaka 2001 iliruhusu kaya isamehewe mchango kwa mapendekezo ya kijiji na uamuzi wa kata, na ikaitaka mamlaka iliyosamehe itafute njia ya kuufidia Mfuko. Hapa sheria ilisema kweli, kuwa dawa aliyopewa asiyelipa imelipiwa na mtu fulani. Lakini neno msamaha laficha jambo hilo. Anayesamehe deni lake mwenyewe haidai fidia. Ndiyo maana ya kusamehe. Kamati ya kata isiyokuwa na hazina yake yenyewe ilipewa mamlaka ya kusamehe deni la mwingine, na mzigo ukaangukia kituo. Mganga aliyekubali kila ombi aliona kabati lake likiwa tupu. Aliyekataa aliona mgonjwa akiondoka. Yeyote aliyewekwa katika njia panda hiyo alikuwa amelazimishwa kufanya peke yake kazi ya Serikali nzima.

V. Uwezo na asiyejiweza

Sera hutaja watu wasio na uwezo. Uwezo, kutokana na kitenzi weza, ni nguvu ya kutenda jambo lolote, ya mwili, ya akili au ya mali. Lugha ya kawaida ina neno la karibu, asiyejiweza, na hilo kwa wasikilizaji wengi ni mlemavu, mgonjwa wa kitandani au kikongwe. Maneno haya mawili huchanganywa katika mikutano ya vijiji, na mchanganyiko huo una matokeo. Msichana mwenye nguvu anayechuma chai kwa kibarua hawezi kuitwa asiyejiweza. Kila mtu amemwona shambani. Lakini akihitaji kupasuliwa hospitalini, uwezo wa mikono yake si uwezo wa kulipa. Mkutano unaoulizwa kuhusu wasiojiweza utamtaja jirani kipofu mwenye watoto wanaomtunza, nao utamwacha msichana huyo. Hapana aliyedanganya; swali ndilo lililokuwa jingine.

Sarufi nayo ina mashaka yake. Tungo ya namna ya wazee, wajawazito na watoto wasio na uwezo yaweza kusomwa kwa njia mbili, kwa sababu upatanisho wa ngeli ya watu ni mmoja kwa nomino zote tatu. Je, wasio na uwezo ni watoto peke yao, au ni wote? Katika habari za wazee jambo hili si la kubuni. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na hospitali zikaweka dirisha la wazee; lakini tiba bila malipo ilikusudiwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee asikiapo tungo hiyo huchukua kwamba wazee wote wametajwa, na maneno ya mwisho ni maelezo ya hali ya uzee. Karani huchukua kwamba maneno ya mwisho ni mpaka, yaani mzee mwenye pensheni au shamba kubwa ametolewa. Wote wawili wamesoma Kiswahili sahihi. Sheria iliyoandikwa vema haimwachii mgonjwa na karani kazi ya kushindana kuhusu kishazi rejeshi.

Yafaa kukumbuka kwamba lugha hii imewahi kuwa na elimu ya kupima ufukara. Fukara na maskini yote mawili yametoka Kiarabu, na katika fikihi ya zaka ni makundi mawili mbalimbali ya wanaostahili kupewa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, humweka fakiri chini ya maskini: fakiri hana kitu cha maana, maskini ana kitu kisichomtosha. Madhehebu ya Hanafi husema kinyume. Katika mazungumzo ya leo tofauti hiyo imefutika, na maneno hayo hutumiwa kama visawe. Somo lake halijafutika. Wanazuoni wale walijua kwamba mwenye kugawa mali ya umma hana budi kuainisha kwanza nani apewe, kwa kipimo kinachoweza kubishaniwa hadharani.

VI. Kaya

Mchango ulitozwa kwa kaya, si kwa mtu. Neno hili la Kibantu lina maana ya makazi au kijiji katika lugha nyingi. Huko pwani ya Kenya makaya ya Wamijikenda ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu. Watakwimu walilichukua wakalipa maana ya watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Baadaye mifuko ya afya iliongeza sharti la hesabu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza kutumika nchini mwaka 2018, ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ni idadi ile ile ya mwalimu, mwenzake na wategemezi wanne.

Katika nyumba nyingi za Rungwe chungu kimoja hulisha zaidi ya sita: bibi, mjukuu aliyeachwa na wazazi waliokwenda mjini, mpwa anayesoma. Nani atakuwa wa saba? Msimamizi aliye juu huona kaya moja iliyoandikishwa, na hesabu yake imekamilika. Ndani ya nyumba umefanyika uchaguzi ambao haukuandikwa, na yamkini aliyeachwa ndiye aliye dhaifu kuliko wote. Kwa upande mwingine, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii mwaka 2012, ulitumia neno lile lile kaya kwa kipimo chake wenyewe: mkutano wa kijiji hutaja majina, kisha dodoso huhakiki. Baadhi ya halmashauri ziliwaandikisha walengwa wa mpango huo katika Mfuko wa Afya. Hata hivyo daftari la ufukara na daftari la tiba yalianza kama madaftari mawili, na mtu aliyekuwa maskini katika moja aliweza kukosekana katika la pili.

VII. Tele kwa tele

Ili kuzipa moyo halmashauri, Serikali Kuu iliahidi kuongeza katika Mfuko kiasi kilicho sawa na michango ya wanachama. Shilingi moja ya wananchi ingeitwa na shilingi moja ya Serikali. Utaratibu huo ukaitwa tele kwa tele. Ni jina zuri masikioni, nalo lasema kweli kuliko ilivyokusudiwa, maana penye tele palijazwa tele, na penye haba pakaongezewa haba. Halmashauri ambayo watu wake walishindwa kulipa ilipata nyongeza ndogo. Na kila kaya iliyosamehewa, kwa kuwa haikuchangia, haikuleta nyongeza yoyote isipofidiwa. Hivyo kanuni ya fedha ilipingana na kanuni ya huruma: kadiri halmashauri ilivyowasamehe wengi, ndivyo ilivyopoteza mara mbili.

Si nyongeza ya namna hiyo peke yake iliyo na makosa. Marekani ina mpango wa tiba ya watu wenye kipato kidogo uitwao Medicaid, uliotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Huko nako Serikali Kuu huongeza fedha juu ya zile za chini yake. Lakini tofauti mbili zaonekana. Kwanza, anayetoa sehemu ya awali ni hazina ya serikali ya jimbo, si mgonjwa wala kaya yake. Maskini hachangii ili apate kuongezewa. Pili, sehemu ya Serikali Kuu haiwi sawa kila mahali. Kwa sheria haipungui nusu ya gharama, nayo yaweza kupanda hadi asilimia 83 kwa kadiri wastani wa kipato cha watu wa jimbo ulivyo mdogo. Jimbo maskini huongezewa zaidi. Majimbo husimamia mpango kila moja kwa namna yake, mengi yakiwapa makampuni ya bima kazi ya kuwahudumia wanachama, na malalamiko kuhusu wanaoachwa nje ni mengi huko pia. Ila anayetimiza masharti ya kipato haambiwi kuwa amesamehewa. Huambiwa kuwa anastahili, na akikataliwa ana njia ya kukata rufaa. Hiyo ndiyo tofauti ya neno iliyozaa tofauti ya usimamizi.

VIII. Mambo yalivyogeuka, na yaliyosalia

Katika miaka iliyofuata Serikali ilirekebisha mengi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, badala ya kukaa wilayani. Kamati ya zahanati ikawa na kitu cha kusimamia. Mfuko ulioboreshwa wa mwaka 2018 ulirudishwa chini ya TAMISEMI, uandikishaji ukafanywa vijijini kwa simu, na mwanachama akaweza kutibiwa nje ya kituo chake hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Mpuguso maana yake ni kwamba kadi ya kijijini ilimfikisha Mbeya.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa habari ya makala haya, jambo kubwa katika sheria hiyo ni kwamba asiye na uwezo hatajwi tena kama mtu wa kusamehewa. Atajwa kama mtu wa kulipiwa, kwa mfuko maalumu ambao vyanzo vyake ni pamoja na kodi za bidhaa kama vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Tofauti ya kusamehewa na kulipiwa si ndogo. Anayelipiwa ana mlipaji anayejulikana. Kituo kina mahali pa kupeleka hati ya madai. Mkaguzi ana hesabu ya kukagua. Na mgonjwa huja na kadi kama ya mwalimu jirani yake. Mfuko, ambao neno lake lilipendwa kwa kuwa ni la nyumbani, umerudi nyuma, na bima, neno la meli na matajiri, limepewa watu wote.

Hata hivyo maneno mawili ya zamani yamehamia katika nyumba mpya pamoja na mashaka yake. Uwezo bado sharti upimwe, na kaya bado sharti ihesabiwe. Kipimo kikiwekwa kwa siri, au mkutano wa kijiji ukiulizwa kuhusu wasiojiweza badala ya wasio na uwezo wa kulipa, msichana wa chai ataachwa tena, safari hii nje ya bima badala ya nje ya msamaha. Mwaka 2021 sheria za nchi zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Zamani mashaka ya neno la Kiswahili yaliweza kutatuliwa kwa kurudi katika maandishi ya Kiingereza. Kiswahili kikiwa ndicho maandishi yenyewe, hapana pa kurudi.

Kwa hiyo wataalamu wa lugha wana sehemu yao katika kazi hii, wala si ya mapambo. Yafaa stahili litumike kwa haki inayofuata hali ya mtu, kama mimba, umri au maradhi. Yafaa ondoleo la malipo litumike kwa uamuzi unaomhusu mtu mmoja aliyepimwa, na kila ondoleo liandikwe pamoja na jina la aliyeamua na fidia iliyopelekwa kituoni. Asiyejiweza abaki na maana yake ya mwili, na katika madodoso ya vijiji aandikwe asiyeweza kulipia tiba, ijapokuwa ni maneno marefu. Kishazi kama wasio na uwezo kisiachwe mwishoni mwa orodha pasipo kuonyeshwa ni cha nani. Na mahali kaya inapotajwa, ielezwe kama ni ya chungu au ya watu sita.

Madaftari yakiandikwa kwa maneno hayo, ofisi ya mkoa itaweza kuona kwa safari moja ya macho ni wangapi wa Mpuguso waliotibiwa kwa stahili, ni wangapi walioondolewa malipo, ni wangapi waliokataliwa na kwa sababu gani. Msamaha utarudi ulikotoka, kwa watu waliokoseana.